Mwaka Baba Alipokatazwa Kukohoa

Mimi si mtu wa kushtuka. Nimeona mto ukiingia ghalani kwangu na kuondoka na mpunga wa msimu mzima, nikawasha sigara. Nimeona fuso langu jipya likilala chali mtaroni, matairi juu, nikamuuliza dereva kama amekula. Mshirika wangu wa biashara alivuka mto Songwe kwenda Malawi na pesa zetu zote, na jioni yake nilikula samaki mbasa wa kuchoma nikalala fofofo. Mtu aliyeishia darasa la nne, akaanza na baiskeli ya kukodi, leo ana mashine mbili za kukoboa mpunga na nyumba ya wageni Matema yenye vyumba vinavyotazama maji, huyo utamshtua na nini? Nilikuwa nikiwaambia watu hivyo, na walikuwa wakikubali. Halafu mwezi uliopita, asubuhi tu, mashine zinanguruma, Gwakisa akanipigia simu kutoka Ipyana. Akasema, "Shemeji, Tumpe hatunaye." Niliketi juu ya gunia la pumba. Wateja wakanisemesha, sikuwasikia. Kijana wa mashine akadhani nimepata kiharusi akaniletea maji kwenye kopo la kupimia mchele, na nikayanywa yakiwa na vumbi lake.

Tumpe alikuwa mke wangu kwa mwaka mmoja, zamani sana, kabla ya mama wa watoto wangu. Mwaka huo wakubwa wa polisi wanaujua vizuri, au wanadhani wanaujua. Huniita Mbeya kwenye semina zao, maana mimi ni mwenyekiti wa ulinzi shirikishi kwenye kata yetu, nao hupenda kusikia namna kijiji chetu cha Ikolo kilivyoanza kuelewana na kituo cha polisi. Wanaandika ubaoni maneno makubwa, usawa, ushirikishwaji, heshima kwa mila za watu, halafu wananiita mbele, mimi nisiyeweza hata kuyasoma maneno yenyewe bila kusimama katikati. Nasimulia. Najua kusimulia. Huishia pale ng'ombe alipochinjwa, watu wanapiga makofi, tunakwenda kula. Miaka yote hiyo hakuna aliyeinua mkono kuuliza, yule mwanamke je?

Nyumba yetu, mimi na Tumpe, ilikuwa ya vyumba viwili, matofali ya kuchoma na bati la kuungaunga, nyuma yake migomba halafu kakao. Nyumba ya baba ilikuwa upande wa pili wa migomba. Kwetu mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawakai paa moja, hata jina lake mwanamke halitaji. Watu wa mjini walikuwa wameanza kulegeza, na kanisani walikuwa wakiingia milango tofauti wakijifanya hawaonani, lakini baba yangu, mzee Asajile, alikuwa mtu wa zamani kwa jambo hilo, na Tumpe ndiye zaidi yake. Akija upande wetu, baba alikohoa tangu migombani. Hakuwa na ugonjwa wowote, kilikuwa kikohozi cha adabu, kikavu, cha mara mbili. Tumpe akikisikia anaacha chungu mekoni na kutokea mlango wa nyuma. Nikirudi kutoka mjini nilikuwa nakuta mbalaga imeshika chini, naona ndizi nyeusi kwenye sahani, nauliza, "Leo amekuja?" Anacheka, "Amekuja mara tatu, mume wangu. Utakula mkaa." Nami nilikula. Sijawahi kula chakula kitamu kama zile ndizi zilizoungua.

Polisi wa wakati ule tulikuwa hatuwapendi, na niseme sababu, maana semina nazo hupenda kusema wananchi walikuwa hawana elimu. Mkulima akiibiwa kakao iliyoanikwa, akienda kituoni anaambiwa gari halina mafuta. Duka la mjini likivunjwa, gari linapata mafuta na kuja vijijini kwetu moja kwa moja. Mama Bupe, aliyekuwa akituuzia chai na maandazi sisi watu wa baiskeli, alikuwa akisema, "Gari la polisi lina akili kuliko dereva wake, linaijua njia ya Ikolo tu." Tukacheka. Na kichwa cha kazi hizo alikuwa Sajini Shomari, mtu wa pwani, Mwislamu, mrefu, sauti ya upole ya kukera. Kwa sababu aliswali na wenye maduka, sisi tulisema ni mtu wao. Wenye maduka nao walisema hivyohivyo, kwa furaha.

Basi likavunjwa duka la vitenge. Asubuhi yake Shomari akaja Ikolo na askari wawili kwenye difenda. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, na sheria ilitaka balozi awepo nyumba zinapopekuliwa. Mimi nilikuwa njiani na baiskeli, nimepakia mchele, kwa hiyo haya niliyapata baadaye kwa watu waliokuwapo, na kwa Shomari mwenyewe, aliyenieleza bila kujipunguzia. Walipofika migombani, nyumba yangu ikiwa mbele, baba alisimama akakohoa. Shomari akamshika bega. "Mzee wangu, usikohoe. Utawastua."

Baba akasema, "Afande, lazima nikohoe."

"Unamwashiria nani?"

Sasa jibu lake lilikuwa ni kumtaja mkwe wake, na yeye asingeweza kusimama kwenye migomba kumweleza kijana wa umri wa mwanawe habari za mke wa mwanawe. Shomari akaona mzee ananyamaza kama mwenye siri. Akamwambia atangulie, mdomo kimya, mpaka mlangoni. Tumpe alikuwa ameinama anapuliza moto. Aliinua uso na baba mkwe wake amesimama kwenye mlango wake, hatua moja, wanatazamana machoni. Alipiga yowe akapita mlango wa nyuma, akaingia kwenye kakao mbio, kitenge kikabaki kwenye kichaka. Askari wakapiga filimbi wakamfuata. Mtu anayewakimbia polisi siku ya upekuzi, ungefikiri nini? Walimkamata karibu na mfereji wakamrudisha, wakampandisha nyuma ya difenda, na balozi aliyekuwa "anaashiria wezi" wakampandisha hukohuko. Baba aliomba atembee. Kutoka Ikolo mpaka mjini, kwa miguu, mzee yule aliomba. Akaambiwa apande. Benchi la gari ni jembamba, barabara ilikuwa mashimo, na kila shimo liliwatupa mmoja juu ya mwingine.

Mimi niliipata habari nikiwa na andazi mdomoni. Kijana mmoja wa baiskeli alikuja anapiga kengele toka mbali, akasema, "Luse, baba yako na mkeo wako kituoni, wamekalishwa benchi moja!" Mwingine akaanza kucheka, akanitazama, akaacha. Mama Bupe akashika kichwa. "Benchi moja? Na mkwewe? Ee Mungu, si bora wangewapiga tu!" Niliiacha baiskeli na mchele wa watu, nikakimbia.

Chumba cha kituo nakikumbuka kuliko chumba chochote nilichowahi kujenga. Kuta zilipakwa rangi ya kijani mpaka kiunoni, juu nyeupe iliyochafuka kwa vichwa vya watu. Meza, benchi moja, ndoo ya maji, kikombe cha bati kimefungwa mnyororo. Baba alikuwa amegeukia ukuta, paji la uso limegusa ile rangi ya kijani, kama mtoto aliyeadhibiwa. Tumpe alikuwa sakafuni, amelala kifudifudi, amejifunika kichwa kwa gunia alilolipata sijui wapi. Askari mmoja anasema, "Huyu anajifanya kichaa." Shomari amekaa mezani, kalamu mkononi, anauliza jina, anauliza tena kwa upole wake ule.

Nilimwambia, "Afande, nakuomba, mtoe mmoja nje. Yeyote. Mtoe."

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye mume. Yule ni baba yangu. Hawaruhusiwi kuonana. Tangu ameolewa hawajawahi kuonana."

"Kwa hiyo alikimbia kwa heshima?"

"Kwa heshima, Afande."

"Kwetu anayemkimbia polisi ana lake jambo."

"Hakukukimbia wewe. Wewe hata hakukuona."

Nimewahi kuona watu wakielewa jambo, lakini sijawahi kuona mtu akielewa vile. Aliweka kalamu. Alisimama, akaenda kwa baba, akataka kumshika mkono, akaona hajui kama hilo nalo ni kosa, mkono ukabaki hewani. Akamtoa baba kwa mlango wa mbele na kumwita mke wa askari mmoja aje na kanga amtoe Tumpe kwa nyuma. Akawaachia wote siku hiyohiyo. Vitenge, nikuambie kabisa, vilikutwa baadaye palepale mjini, chini ya kitanda cha mlinzi wa duka.

Ikolo ilijifunga. Hakuna aliyepiga kelele wala kurusha jiwe. Askari akipita anasalimia, watu wanageuka kutazama kuku. Shomari aliitisha mkutano shuleni, akakaa na viti vitupu mpaka jua likawaka, akarudi. Baba aliacha ubalozi, akaacha kula na wenzake, akila peke yake nyuma ya zizi. Na ndugu zake Tumpe wakaja kumchukua. Gwakisa, mdogo wake wa kiume, alikuwa bado kijana, lakini siku ile alisema kikubwa: "Shemeji, hatukulaumu. Dada apumzike kwanza." Alibeba sanduku lake la bati kichwani, dada yake nyuma amejifunika, wakaenda Ipyana.

Siku moja Shomari alinikuta sokoni akaniomba nikale kwake. Niende au nisiende? Nilikwenda, nikijiambia nakwenda kumtukana. Alikuwa na chumba kimoja kwenye nyumba za askari, kitanda, jiko la mafuta ya taa, msala umekunjwa juu ya sanduku. Akapika mwenyewe wali na samaki, akatia nazi aliyoletewa kutoka kwao. Akasema, "Luse, mimi nimesoma sheria ya upekuzi mpaka kwenye ndoto. Hakuna mahali iliposema mzee akikohoa mwache akohoe." Sikucheka. Akauliza, "Jambo hili linatengenezwaje?" Nikamwambia aende akamuulize baba, bila sare, na asiingie mpaka aitwe. Alikwenda. Alisimama migombani, akakohoa. Nakuapia, nilikuwepo. Alikiiga kile kikohozi vibaya, kikatoka cha mtu mgonjwa kweli, na kwa mara ya kwanza toka siku ile nikamsikia baba anaguna kwa kicheko. Akamwita, "Ingia, nkamu." Yaani ndugu.

Baba alitaka dume, la kuchinjwa uani mbele ya watu wa pande zote mbili, ili aibu iondoke kwake na kwa mkwewe. Shomari alisema serikali haina fungu la ng'ombe. Baba akamjibu, "Mimi sikutazama serikali usoni. Nilimtazama mtoto wa watu." Shomari akaenda kwa mwenye duka la vitenge. Walikuwa wakiswali safu moja, na maneno yao yalisikika mpaka kwa Mama Bupe. "Shomari, umekuwa Mnyakyusa sasa?" "Hapana. Ila vitenge ni vyako, na aliyevuliwa kitenge ni mtoto wao. Toa nusu, mimi nitoe nusu." Mwenye duka alikasirika, akatoa.

Dume Shomari alilileta mwenyewe kwa kamba, toka mnadani, watoto nyuma wanamwimba. Wazee wa kanisa wakauliza atachinja nani. Kila mtu alijua maana yake: akichinja wetu, aliyeleta ng'ombe hatakula. Baba akasema, "Mtu anilishe halafu yeye ashinde njaa uani kwangu? Achinje yeye." Mzee mmoja akanung'unika, "Hiyo si ndiyo dini yao inaingia?" Mke wake akamjibu kutoka jikoni, "Ikiingia na maini, iache iingie." Shomari alichinja. Mwenye duka alikuja na kofia yake, akakaa mkekani na wakulima aliokuwa akiwaita wezi, wakampa nyama ya mbavu. Tumpe aliletwa, akakaa na wanawake nyuma ya uzio, na nyama ya baba na nyama yake zikakatwa kwenye paja moja, Tumpe akala huku na baba kule. Wazee wakasema limekwisha.

Na kweli, kwa wengine wote lilikwisha. Tangu hapo upekuzi ukifanywa, balozi hubaki nje kama ndani kuna mkwewe, na jirani huingia badala yake. Wanawake waliulizwa na mwanamke. Kituoni liliwekwa benchi la pili barazani. Kakao ya mjane mmoja ilipoibwa, gari lilipata mafuta, na Shomari alimkamata mnunuzi mjini, mtu wa msikiti wake, na wenzake wakaacha kumsalimia kwa muda mrefu. Ikolo ikaona. Watu walianza kumfuata wenyewe kumwambia nani kalala wapi. Haya yote nayasema semina na ni kweli tupu.

Nilimfuata Tumpe Ipyana nikiwa nimevaa shati jipya. Jiko la kwao lilikuwa chini ya nyasi, moshi mwingi, mama yake alitoka akatuachia nafasi. Tumpe alinipakulia mbalaga na maharage. Haikuungua hata kidogo, na nilipoiona vile, laini, ya manjano, ndipo moyo ulipoanza kuniuma. Nikamwambia limekwisha, twende nyumbani. Alikuwa anatazama jiko.

"Ng'ombe alikuwa mzuri," akasema.

"Basi twende."

"Alikuwa wa kwenu, Luse. Wa macho ya watu. Watu walikuwa wananitazama, sasa hawanitazami, ndaga, nashukuru. Lakini mimi nikisikia gari, naliona lile benchi. Nasikia goti lake kwenye goti langu. Na yeye analia. Wewe hukujua kwamba alikuwa analia? Njia yote. Sasa niende kupuliza moto nyumba ileile, nisubiri akohoe?"

"Nitajenga kwingine. Nitajenga mjini."

"Utajenga," akasema. "Najua wewe utajenga."

Nilirudi mara nyingi. Mara ya mwisho nilikuta amepanda mpunga wake mwenyewe, yuko ndani ya maji mpaka magotini, akanipungia mkono na kuendelea kupanda. Gari la polisi lilipita barabarani, askari wanapunga, watoto wanapunga, mambo yamekuwa mazuri, na mimi nikamwona Tumpe amechuchumaa kwenye maji mpaka mabegani, kichwa tu kikiwa nje kati ya miche. Alibaki hivyo hata gari lilipokwisha kupotea. Sikumwita. Mwisho wa mwaka ule Shomari alihamishwa, Ikolo nzima ilimsindikiza kwa ngoma, nami nilikuwa mbele nimebeba sanduku lake. Mimi nikajenga mjini. Nikaoa. Nikajenga tena.

Msibani Ipyana mwezi uliopita nilikuta wanaume wameketi kwenye magogo, moshi wa masufuria, wanawake wanaimba. Askari wawili vijana wa kituo walikuwa wakipasua kuni na wenyeji, hakuna aliyewashangaa. Na pembeni, kwenye kiti cha plastiki, mzee wa kofia, mguu mmoja umevimba. Shomari. Alistaafu akarudi kuishi hapa Kyela, mji wetu, ana kibanda cha kuuza mafuta ya taa. Tulishikana mikono, tukaletewa wali na nyama, yeye akala wali. Halafu akaniuliza, akitazama sahani, "Luse, yule mama aliwahi kunisamehe?"

Nilitaka kumdanganya. Nimewadanganya watu wakubwa kuliko yeye. Nikasema, "Hakuwahi kukutaja, Afande." Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kushika kijiko bila kula.

Gwakisa akaniita kando na wazee wao. Ng'ombe wa mahari sikuwahi kudai warudishwe, kwa hiyo kwa desturi Tumpe alikuwa bado wangu, na mwenye mke ndiye mwenye kuzika. Wazee walisema, "Sema wewe, mkwe. Unamchukua Ikolo?" Kaburi la baba liko Ikolo, kwenye migomba ileile. Miaka yote hiyo nilikuwa nikitaka arudi kwangu, na siku ile walikuwa wakinipa. Gari langu lilikuwa barabarani, tupu, limeoshwa. Nikawaambia hapana. Nikasema azikwe hapa, karibu na mpunga wake, mbali na barabara. Mzee mmoja akasema kwa Kinyakyusa kwamba nina moyo.

Nikawaomba kitu kimoja tu, waniachie mimi gharama ya jeneza. Gwakisa alisita, kisha akasema ndugu wamekubali. Nikaenda mwenyewe kwa seremala, nikachagua mbao za mninga, nikamwambia aweke kitambaa cheupe ndani na asipigilie msumari mbele yangu. Hakutaka kupunguza bei nami sikubishana. Ndicho kitu pekee nilichomnunulia Tumpe kikakubaliwa: shilingi laki sita na elfu themanini na tano.